Programu ya Kurekodi katika Studio ya Chumbani

Studio nyingi za Riruta, Nairobi, hazina kibao. Ukishuka kituo cha Satellite na kuingia ndani ya mtaa utazikuta katika nyumba za chumba kimoja: kitanda kimesukumwa ukutani, blanketi zito limetundikwa dirishani kupunguza kelele za matatu za Barabara ya Naivasha, mezani kuna laptopu ya ex-UK, maiki na hedifoni. Wateja ni kwaya ya kanisa inayotaka albamu, vijana wawili wenye mistari yao, mama wa injili anayetaka wimbo mmoja autoe YouTube. Kinachobeba kazi yote hiyo ni programu ya kurekodi, na ndicho kitu ambacho prodyuza anayeanza hukichagua kwa haraka kuliko vyote. Kwa kawaida anachukua ile aliyoiona kwa rafiki yake.

Uhuru huo wa kuchagua si wa zamani. Miaka ya 1960, wanamuziki Fadhili William na Daudi Kabaka walipokuwa wakirekodi Nairobi katika Equator Sound Studios ya Charles Worrod, mitambo ilikuwa ya kampuni na mwanamuziki aliingia na gitaa lake tu. Kufikia 2000, prodyuza Clemo na rapa Jua Cali walipoanzisha Calif Records katika mtaa wa California, karibu na Eastleigh, studio ilikuwa imeshahamia mtaani, na mtindo wa muziki wa genge ukakulia humo. Sasa hata jengo la studio si lazima. Mwenye chumba ndiye kampuni, ndiye fundi wa mitambo, ndiye mtunza kanda, kwa hiyo programu atakayoichagua itaamua namna atakavyozifanya kazi hizo zote.

Kwanza tuiondoe njiani dhana moja inayopoteza pesa za watu: kwamba programu fulani ina sauti nzuri kuliko nyingine. Unaweza kuipima mwenyewe. Chukua rekodi moja ya sauti ya mtu, iingize katika FL Studio, usiongeze kitu, kisha uitoe kama faili ya WAV. Fanya vivyo hivyo katika Reaper. Ingiza faili zote mbili katika programu moja, zianze nukta ileile na ziwe na kimo kimoja, halafu igeuze moja juu chini, kilima cha wimbi kiwe bonde. Ukizipiga pamoja zitafutana na hutasikia kitu. Kama zingekuwa na sauti tofauti, tofauti hiyo ndiyo ingebaki ikisikika. Wengi wanaodai FL Studio inapiga kwa nguvu zaidi wamesikia kidhibiti kilele (limiter) ambacho mradi mpya wa FL huja nacho tayari kwenye njia kuu (master). Kitoe kabla ya kupima, vinginevyo unapima kidhibiti hicho wala si programu.

Tofauti ya kweli iko mikononi, katika jinsi programu inavyokutaka ufikiri. FL Studio ilianza 1997 kama FruityLoops, kazi ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na asili yake ni mashine ya ngoma. Unabofya vijumba vya kick, snare na hihat katika safu, unapata duara la biti, kisha unayapanga maduara hayo kuwa wimbo. Kwa anayetunga biti, sijaona njia ya haraka zaidi. Kijana ambaye hajawahi kugusa kinanda ataondoka na biti inayochezeka jioni ileile. Ndiyo maana programu hii imeenea mitaani kote, nami sitamwambia mtunzi wa biti aiache.

Ila chunguza kazi inayolipa kodi ya chumba. Kwaya ikija, hutungi biti. Unarekodi soprano mara tano, alto mara nne, unachagua ubeti bora wa kila jaribio, unakata pumzi, unasogeza neno lililochelewa, unarudia kiitikio. Saa nyingi zinaishia kwenye ukataji wa sauti, na hapo ndipo Reaper inaposhinda. Iliandikwa na Justin Frankel, yuleyule aliyeunda Winamp, na ilitoka mara ya kwanza 2005. Kila jaribio la mwimbaji hulala chini ya lingine katika njia (track) moja. Unasikiliza mstari wa kwanza katika jaribio la pili, wa tatu katika la nne, unabofya lile unalolitaka na vipande vinaungana. FL Studio nayo inaweza kurekodi majaribio mfululizo, lakini kuyaunganisha kunachosha, na kwa kwaya ya watu 20 uchovu huo ni siku nzima. Reaper ina upungufu wake: karibu haina ala. Ukiifungua hukuti piano nzuri wala ngoma, unakuta karatasi nyeupe. Ndiyo maana ushauri wangu kwa studio ya Riruta inayoishi kwa sauti za watu ni kutunga biti katika FL kama umeizoea, kuitoa kama WAV, na kurekodi na kumiksi katika Reaper.

Kuna mtego mmoja katika ununuzi wa FL Studio ambao muuzaji wa Luthuli Avenue hana haja ya kukueleza. Toleo lake la bei ya chini, liitwalo Fruity, halirekodi sauti ya maiki. Ni la biti tu. Ili urekodi unahitaji toleo la Producer, linalozidi dola 150. Toleo la majaribio nalo linakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini ukiufunga hutaufungua tena mpaka ulipe. Kwa upande wa pili, ukishalipa umelipa: masasisho ya FL ni ya bure maisha yote. Reaper ni dola 60 kwa mtu binafsi au kwa biashara isiyoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 7,800 kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, na unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili.

Najua wengi hawalipi. Wanapewa krak kwenye flashi, pamoja na virusi vyake, na pamoja na plagini zinazokataa kufunguka siku mteja amekaa akisubiri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda nyimbo, na prodyuza anayetaka wimbo wake ulindwe ana sababu yake mwenyewe ya kuiheshimu. Zamani kisingizio kilikuwa kadi ya benki. Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni, GlobalPay, na Reaper inalipiwa kwa simu ileile unayonunulia tokeni za stima.

Sasa tuje kwenye mashine, kwa sababu hapa ndipo programu husingiziwa makosa yasiyo yake. Mwimbaji akivaa hedifoni na kulalamika kwamba sauti yake inamrudia kwa kuchelewa, tatizo ni akiba ya sauti (buffer). Kompyuta haishughulikii sauti moja kwa moja, inaikusanya kwa mafungu. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 512 huchukua milisekunde 11.6, na sauti hungoja mara mbili, ikiingia na ikitoka. Jumla inapita milisekunde 23, kiasi ambacho rapa wa mistari ya kasi hukisikia wazi na kinamtoa kwenye mdundo. Punguza fungu liwe 128 na kila safari inakuwa milisekunde 2.9. Lakini sasa kompyuta inapewa muda mfupi wa kufikiri, na laptopu ya zamani yenye plagini kumi wazi itaanza kukwaruza. Kwa hiyo rekodi kwa 128 ukiwa umezima plagini, kisha miksi kwa 1024. Hili ni sawa katika programu zote. Kwenye Windows tumia dereva ya ASIO iliyokuja na kadi yako ya sauti, na kama kadi ina kitufe cha kumsikiliza mwimbaji moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kitumie na tatizo limekwisha.

Wepesi wa Reaper unaonekana hapo pia. Faili yake ya kusakinisha ni megabaiti chache, jambo la maana kwa mtu anayenunua bando, na inakwenda vizuri kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4 ambayo Cubase au Pro Tools zingeilemea. Diski ndiyo itakayokubana mapema. Njia moja ya sauti ya biti 24 hula karibu megabaiti 8 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye njia 12 ni megabaiti 380 kabla hujahesabu majaribio.

Nyinginezo nitazipitia haraka. Mwenye Mac anunue Logic Pro akiweza, na kama hawezi, GarageBand iliyomo ndani inatosha kwa albamu nzima. Pro Tools ina toleo la bure, Intro, lenye njia nane za sauti, nalo linamfaa anayetaka kazi katika studio kubwa, kwa kuwa huko ndiyo lugha inayosemwa. Audacity ni nzuri kwa mahubiri na mahojiano. Kwa muziki wenye ala na majaribio mengi itakuchelewesha. BandLab kwenye simu ni daftari zuri la kunasa wazo ukiwa ndani ya matatu.

Jambo linalosahaulika ni umri wa mradi. Mteja anarudi baada ya miaka mitatu akitaka biti bila sauti, au anataka kubadilisha ubeti. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kusimamisha uundaji wa programu za Cakewalk, na watu waliokuwa na miradi ya miaka mingi ndani ya Sonar, programu ya Cakewalk, wakabaki hawajui kesho yao, mpaka kampuni ya BandLab ilipoinunua Cakewalk 2018 na kuitoa programu hiyo bure. Mradi wa Reaper ni maandishi ya kawaida, unaweza kuufungua hata kwa Notepad ukaona majina ya faili na mahali zilipo. Mradi wa FL hausomeki nje ya FL, na plagini ya krak iliyopotea hupotea na sauti yake. Kwa hiyo kila wimbo ukiisha, toa kila njia peke yake kama WAV ya biti 24, zote zianzie sekunde sifuri hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili. Ziweke katika folda yenye jina la wimbo, kasi ya mdundo, ufunguo na tarehe, nakala moja kwenye diski ya nje na nyingine kwa mteja. Prodyuza wa Kawangware mwenye Cubase au wa Kilimani mwenye Pro Tools ataifungua na kuendelea na kazi bila kukupigia simu.