Kisu Kinapolia: Mtetemo katika Ukerezaji wa Vyuma

Kila aliyefanya kazi katika karakana ya vyuma anaufahamu mlio huu. Mashine ya kukereza inazunguka kwa utulivu, kisu kikimenya chuma taratibu. Mara hutokea mlio mkali wa kukereketa masikio. Mashine ikisimamishwa, uso wa chuma uliotazamiwa kuwa laini hukutwa una mawimbi madogo kama bati la paa. Kipande kimeharibika, na pengine ncha ya kisu imemeguka.

Tatizo hili si geni. Mhandisi wa Kimarekani Frederick W. Taylor, aliyeyafanyia utafiti mambo ya ukataji wa vyuma kwa miaka ipatayo 26, aliwaeleza wahandisi wenzake mwaka 1906 kwamba katika matatizo yote yanayomkabili fundi wa mashine, hili ndilo la fumbo zaidi. Ilipita karibu nusu karne kabla ya wataalamu kama Jiří Tlustý wa Chekoslovakia na S. A. Tobias aliyekuwa Uingereza kueleza kwa hesabu jinsi mtetemo huo unavyozaliwa.

Yafaa kwanza kutofautisha mitetemo ya aina mbili. Aina ya kwanza huletwa na kasoro iliyo wazi, kama vile gia iliyovunjika jino au kipande kisichofungwa katikati. Kasoro ikirekebishwa, mtetemo hukoma. Aina ya pili huweza kutokea hata kwenye mashine nzima, kwani hujilisha wenyewe.

Hujilishaje? Kisu kikitikisika kidogo, huacha wimbi juu ya chuma. Chuma kikikamilisha mzunguko, kisu hukutana na wimbi lile lile kililoliacha. Tuseme chuma kinazunguka mara 600 kwa dakika, yaani mara 10 kwa sekunde. Kisu kikitetema mara 200 kwa sekunde, kila mzunguko utakuwa na mawimbi 20 kamili. Wimbi jipya litalala sawasawa juu ya la zamani, na unene wa tabaka linalomenywa hautabadilika. Lakini kikitetema mara 207.5, mawimbi yatakuwa 20 na robo tatu, na hayataoana. Sasa kisu kinaporudi nyuma hukuta tabaka nene linalokisukuma zaidi. Kinapokwenda mbele hukuta tabaka jembamba lisilokizuia sana. Ni kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila mara kwa wakati ufaao. Tabaka likiwa pana mno, mtetemo hukua badala ya kufifia.

Kutokana na maelezo haya tunapata njia nne za kuudhibiti.

Ya kwanza ni kuzuia kupindika. Shika rula ya chuma ukingoni mwa meza, uache sentimita 10 zichomoze, kisha utundike uzito mdogo kwenye ncha na upime kiasi inachoshuka. Rudia kwa sentimita 20. Utaona kwamba uzito ule ule huishusha ncha takriban mara 8, kwa kuwa kupinda hufuata kipeo cha tatu cha urefu. Kwa hiyo kisu kisichomoze kuliko inavyohitajika, na chuma kirefu kiegemezwe upande wa pili.

Ya pili ni kupunguza kina cha kukata, ili nguvu inayoulisha mtetemo ipungue.

Ya tatu ni kubadili kasi. Kwenye mashine ya kukereza, kupunguza kasi husaidia mara nyingi, kwa sababu ubavu wa kisu husuguana na mawimbi na kuyafifisha. Lakini kupunguza si dawa ya daima. Kikataji cha meno 4 kinachotetema mara 800 kwa sekunde huweza kutulia kikizungushwa mara 12,000 kwa dakika, kwani hapo kila jino hufika baada ya mtetemo mmoja kamili.

Ya nne ni kuumeza mtetemo. Ufito wa chuma wa kukerezea ndani ya tundu huanza kusumbua ukichomoza zaidi ya mara 4 ya kipenyo chake. Ukiwa na uwazi ndani, wenye kipande kizito kilichoshikiliwa kwa mpira ndani ya mafuta, huweza kufikia mara 10 na zaidi.

Basi mwanafunzi akisikia kisu kinalia, asikimbilie kuilaumu mashine wala kukaza kila skrubu. Na apime kwanza urefu uliochomoza, kina na kasi. Kisha abadili kimoja baada ya kingine, akiandika matokeo yake.