Kuchakulo mchanga anaposhikwa na degedege

Mwembe umekatwa asubuhi kupisha ukuta wa nyumba mpya. Kwenye matawi yaliyolala chini, watoto wa mtaa wanaokota mtoto wa kuchakulo ambaye ndiyo kwanza amefungua macho. Wanamtia kwenye boksi la viatu. Anapewa maziwa ya ng'ombe, kisha karanga, kisha punje za mahindi ambazo anazishika kwa mikono miwili hadi kila apitaye anataka kumwona. Ananenepa, anapanda mapazia, analala mfukoni mwa shati. Wiki ya sita, jioni moja, anaanguka ubavu. Miguu ya nyuma inakakamaa, kichwa kinapinda nyuma, mwili mzima unatukutika. Dakika mbili baadaye anatulia, anahema kwa shida, na miguu ya nyuma haimbebi tena. Nyumba nzima inaamini kwamba amekula sumu ya panya.

Huenda kweli ni sumu. Lakini huko Marekani, ambako watunzaji wa wanyamapori hupokea watoto wengi wa kindi wa kijivu kila msimu wa kuzaana, swali la kwanza kwa anayeleta mgonjwa wa namna hii ni jingine kabisa: amekuwa akila nini? Nami ningependa kila anayemlea kuchakulo au kindi ajiulize hilo kabla ya kumtafuta mchawi au mwenye sumu, kwa sababu mara nyingi ugonjwa ameuleta yule yule anayemwonea huruma.

Mwili wa mnyama huyu, kama wetu, huhifadhi karibu asilimia 99 ya kalsiamu yake ndani ya mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki huzunguka kwenye damu, na kidogo hicho ndicho kinachoamua iwapo misuli itajikaza na kulegea sawasawa, iwapo moyo utapiga kwa mpangilio, na iwapo mishipa ya fahamu itatulia pale isipohitajika. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mishipa ya fahamu hushtuka kwa jambo dogo tu. Mlango ukigongwa, mwili mzima unajibu. Huo ndio mtetemeko, na ukizidi ndiyo degedege yenyewe.

Sasa tazama kilichokuwamo kwenye boksi la viatu. Gramu 100 za mahindi makavu zina takriban miligramu 210 za fosforasi na miligramu 7 tu za kalsiamu. Karanga zina takriban miligramu 376 za fosforasi kwa 92 za kalsiamu. Mnyama anayekua anahitaji kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na heri iizidi. Fosforasi inapofurika, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoamuru mifupa itoe akiba yake ili damu isipungukiwe. Mifupa hutii. Huchotwa siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, huku kwa nje mnyama akionekana mnene na mchangamfu. Akifungiwa ndani, hali huwa mbaya zaidi: ngozi haipati jua la kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo utumbo hauwezi kufyonza vizuri hata ile kalsiamu kidogo iliyomo kwenye chakula. Kumweka karibu na dirisha hakusaidii, kwani kioo huzuia ile miale inayohitajika.

Siku akiba inapoisha, ndipo anapoanguka. Watu husema ugonjwa umekuja ghafla, kumbe ulianza tangu punje ya kwanza ya mahindi.

Si kila degedege hutokana na kalsiamu, na hapa mtunzaji anapaswa kutumia macho yake. Mtoto mchanga mno, aliyeokotwa akiwa wa baridi na mwenye njaa, huenda amepungukiwa sukari. Ubongo hula sukari bila kupumzika, na mwili mdogo kiasi hicho hauna ghala la kutosha. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kutoka wodi ya watoto: mtoto mwenye malaria kali akiletwa na degedege, hupimwa sukari mapema, kwa kuwa kuucheleweshea ubongo sukari ni hatari. Aliyeanguka na mti anaweza kuwa ameumia kichwa. Mwangalie kama ana damu puani, kama mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyenzake, kama macho yanachezacheza yenyewe au kichwa kimeelemea upande mmoja. Ukiona udenda mwingi na mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano, fikiria viuatilifu vya shambani, ambavyo kwa bahati mbaya wengine huvigeuza kuwa sumu ya panya. Kwa viuatilifu hivyo daktari anayo dawa, atropini, lakini muda ni mfupi, na pakiti ya sumu ikipatikana ichukuliwe na kupelekwa pamoja na mgonjwa. Huko Amerika ya Kaskazini kuna pia mnyoo wa rakuni ambaye viluwiluwi vyake hupanda hadi kwenye ubongo wa kindi na kumfanya azunguke kama pia.

Saa ya kwanza haihitaji utaalamu mkubwa, inahitaji utulivu. Mtie kwenye boksi lenye giza, mbali na redio, watoto na paka. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa kwa kanga au taulo, iwekwe upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Kama hawezi kusogea mwenyewe, mkague kila mara asije akaungua. Usimshike wakati anatukutika, na wala usimtie kitu mdomoni. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linaloua zaidi kwa nia njema: maziwa yakimiminwa kwenye kinywa cha mnyama asiyeweza kumeza huingia mapafuni, na aliyenusurika degedege hufa kwa nimonia siku chache baadaye. Degedege ikikoma na akawa na fahamu, chovya pamba ya masikioni kwenye maji ya sukari au asali umpake kidogo sana kwenye ufizi. Chakula kisubiri. Mwili wa baridi hausagi chakula, kwa hiyo utaratibu ni joto kwanza, kisha maji, kisha maziwa.

Baada ya hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama yeye huona zaidi ng'ombe na mbwa. Mweleze chakula chote kwa siku zote, bila kuona haya. Daktari akishuku kalsiamu, anaweza kumchoma sindano ya kalsiamu glukoneti taratibu sana, kwa kuwa ikiingia kwa kasi huweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana haifai kujaribiwa nyumbani. Akishuku jeraha la kichwa, usimshinikize atoe steroidi kwa kuwa "zinatuliza uvimbe". Utafiti uitwao CRASH, uliotolewa mwaka 2004 na kuhusisha zaidi ya watu wazima 10,000 walioumia kichwa, ulionyesha kwamba waliopewa steroidi walikufa kwa wingi kuliko ambao hawakupewa, na madaktari wa wanyama nao wameacha kuzipendekeza kwa majeraha hayo.

Wengi wanaowahiwa kwa kalsiamu hunyanyuka, wengine ndani ya siku chache, ingawa mifupa huchukua wiki kadhaa kujijenga upya. Katika wiki hizo karanga na mahindi viondoke kabisa. Maziwa ya unga ya watoto wa mbwa humfaa zaidi kuliko ya ng'ombe, ambayo humharisha na kumkausha. Akianza kutafuna, mpe majani, na hapa sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, kwani mchicha una oksaleti nyingi zinazoing'ang'ania kalsiamu isifyonzwe. Wenye bahati ya kuishi pwani wataokota ufukweni mfupa mweupe wa dome. Karibu wote ni kalsiamu kaboneti, na kindi huupenda kuuguguna. Porini nako huguguna mifupa ya wanyama waliokufa. Jua la asubuhi, mahali salama penye kivuli cha kukimbilia, ni sehemu ya tiba.

Yapo pia ya kumlinda mtunzaji. Kichaa cha mbwa hupatikana kwa nadra sana kwa panya na kindi, pengine kwa sababu mnyama mdogo kiasi hicho mara chache hubaki hai baada ya kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Hata hivyo ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Virusi vya mpox navyo vina historia na jamaa hawa: mwaka 1985, nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vilipatikana ndani ya kindi mgonjwa wa porini. Na mwaka 2015 wanasayansi wa Ujerumani walieleza juu ya wanaume watatu, wote wafugaji wa kindi wa jamii ya Amerika ya Kati, waliokufa kwa uvimbe wa ubongo kati ya 2011 na 2013. Virusi aina ya borna vilipatikana kwao na kwa kindi mmoja aliyehusishwa nao. Vaa glavu, nawa mikono, usimbusu, usilale naye.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, na ile ya Kenya ya mwaka 2013, haziruhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Kumwokoa aliyeanguka si kumfuga, mradi utoe taarifa mapema kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, na mradi lengo liwe ni kumrudisha mtini.

Kwa hiyo leo, kama kuna boksi la viatu chini ya kitanda chako na ndani yake kuna kuchakulo anayekula karanga na kucheza vizuri, ziondoe karanga hizo jioni hii, naye kesho asubuhi mpeleke kwa daktari kabla hajaanguka.