Kuivisha Dashibodi Nguo ya Kaboni

Msomaji wetu mmoja wa Nairobi, mwenye Subaru Impreza iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika, anauliza swali zuri. Amejifunza kuvisha vipande vya ndani ya gari kitambaa cha kaboni kwa mikono yake. Kipande kinachozunguka gia kilitoka safi mara ya kwanza. Lakini kifuniko kilicho juu ya mita za dashibodi, kile kilichobinuka, kimemshinda: resini ni ileile, kitambaa kilekile, uangalifu umezidi, na bado pembeni yanatokea makunjo. Amekosea wapi?

Kosa si la mkono wake. Ni la umbo la kifuniko, na hesabu zake zimejulikana tangu karne ya 19.

Jinsi nyuzi za kaboni zinavyookwa kiwandani nitairuka. Inatosha kujua kwamba uzi mmoja wa kitambaa kinachotumika sana kwa kazi hii ni fungu la nyuzinyuzi 3,000, kila moja ikiwa na unene wa mikromita 7 hivi, yaani kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Mapishi ya resini nayo yameandikwa kwenye kopo. Plastiki inakwaruzwa kwa msasa, inapakwa resini nyeusi, inaachwa hadi inate bila kuchafua kidole, kitambaa kinalazwa, kisha resini angavu tabaka juu ya tabaka, msasa wa maji, na mwisho klia. Basi.

Kinachonivutia mimi ni ile dakika ya kulaza kitambaa. Uzi wa kaboni uvute utakavyo, hutauona ukirefuka. Ni mojawapo ya sifa zilizouingiza kwenye ndege. Sasa nguo iliyofumwa kwa nyuzi zisizorefuka inawezaje kufunika kitu kilichobinuka pande zote?

Chukua kanga na tikiti maji. Shika kanga kwenye mapindo mawili yanayotazamana, uvute kufuata uzi: haikupi kitu. Ishike sasa kwenye pembe mbili za mshazari uvute tena. Inarefuka, na papo hapo inajibana katikati. Nyuzi hazijaongezeka urefu hata kidogo; kilichobadilika ni pembe kati yao. Vile vijicho vya mraba baina ya nyuzi vimeinama, vimekuwa vyembamba na virefu.

Mwinamo huu unahitaji jina. “Mkato” linanukia mkasi, na hapa hakuna kinachokatwa. “Msokoto” ni la kamba. Mimi nitasema kitambaa kimekwenda benibeni, na mhariri aniachie.

Haya, iweke kanga juu ya tikiti, katikati yake ikae kileleni. Uzi mmoja unateremka moja kwa moja mbele, mwingine ubavuni, na juu ya nyuzi hizo mbili vijicho vinabaki mraba. Shida iko kwenye robo nne zilizo kati yao. Ukiteremka shubiri moja kutoka kileleni na kulizunguka tikiti, mzunguko wako ni mfupi kuliko ule ambao ungeuchora kwa shubiri hiyohiyo juu ya meza. Kanga imekuja na nguo ya kutosha meza, na tikiti halina nafasi hiyo. Nguo ya ziada iende wapi? Inakwenda benibeni. Katika kila robo vijicho vinajibana kwa upana na kurefuka kuelekea chini, na kadiri unavyoteremka ndivyo vinavyozidi kujibana, mpaka nyuzi zinagusana ubavu kwa ubavu na hakuna tena pa kubana. Hapo nguo haina njia ila kuinuka, na huko kuinuka ndiko tunakokuita kunjo. Ndiyo maana makunjo hayatokei ovyo: yanakaa kwenye mshazari, katikati ya kila robo. Karatasi, isiyo na vijicho vya kuinamisha, ingekunjamana tangu shubiri ya kwanza.

Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba kitu bapa kisichonyumbuka hakiwezi kulala juu ya umbo la namna hii bila kukunjamana au kuchanika. Mlango wa pembeni aliufungua Mrusi Pafnuty Chebyshev, bingwa wa namba tasa, alipotoa mhadhara Paris mwaka 1878 kuhusu ukataji wa nguo. Ndiyo, nguo za kuvaa. Alichukulia kwamba nyuzi hazirefuki ila pembe kati yao ziko huru, kisha akaonyesha kwamba namna pembe hizo zinavyobadilika kutoka kijicho hadi kijicho inaamuliwa na ubinuko wa mwili ulio chini. Kwa maneno mengine, kitambaa kinausoma ubinuko na kuuandika kwa pembe zake. Sijui fundi cherehani aliyewahi kusifiwa hivyo.

Rudi sasa kwenye gari. Kipande cha gia kimepinda upande mmoja tu, kama kitu kilichoviringishwa, na umbo hilo Gauss analihesabu kuwa bapa: pembe kati ya nyuzi zinabaki digrii 90 na nguo inalala. Kifuniko cha mita kimebinuka kwa mbele na kwa ubavu pia. Tofauti yote ni hiyo.

Ufumaji nao una sauti. Kitambaa ambacho kila uzi hupita juu ya mmoja na chini ya mmoja kina makutano mengi yanayozuiana. Kilichofumwa kwa mshazari, jamaa wa jinzi, uzi ukipita juu ya mbili na chini ya mbili, kina makutano machache na huinama kwa urahisi. Mistari yake pia ndiyo hakimu wa kazi: kila uzi huakisi mwanga kwa upande wake, wa kusimama uking’aa wa kulala unafifia, kwa hiyo pembe zikiyumba jicho linaona mara moja. Stika iliyochapishwa kuiga kaboni haiwezi kukufanyia hivyo.

Tahadhari: vumbi la kusugua ni baya kwa mapafu, vaa barakoa na glavu, na usivishe vifuniko vya mifuko ya hewa. Wala usitegemee kwamba kitambaa hiki kitalipa gari nguvu. McLaren ya mashindano ya mwaka 1981, MP4/1, ilikuwa na chasisi yenyewe ya kaboni, na dereva wake John Watson alitoka mzima ilipokatika katika ajali ya mashindano ya Monza; dashibodi yako ni plastiki ileile iliyovaa vizuri.

Kwa msomaji wetu: rudia kifuniko hicho kwa kitambaa cha mshazari, ukate vipande viwili, mshono upite katikati, na kila kona kali ya kifuniko iangukie kwenye mshazari wa nguo, si kwenye uzi ulionyooka. Anza katikati, sukuma kwa vidole kwenda nje, usivute. Kitalala.