Mguu Uliopooza Hufunzwa Kuhisi Tena

Mtu akipatwa na kiharusi, sisi jamaa hungoja jambo moja: atatembea lini? Wachache huuliza kama anasikia chini anapokanyaga. Hapa Garissa swali hilo ni zito, kwa kuwa adhuhuri mchanga huunguza, na mguu wenye ganzi hauna habari.

Namhudumia mjomba wangu, abti kama tusemavyo Wasomali, tangu apooze upande wa kushoto. Nguvu zilitangulia kurudi. Aliweza kuinua mguu, lakini akifumba macho hakujua kama kiatu kimo au kimevuka. Mtaalamu wa tiba ya viungo alitueleza kuwa mguu wenyewe ni mzima. Kilichoumia ni ubongo upande wa kulia, unaopokea habari za mguu wa kushoto. Sehemu zilizosalia zaweza kujifunza kazi hiyo, ila kwa kurudiarudia.

Hatukununua kifaa chochote. Nampitishia unyayoni kitambaa laini, kisha ukindu wa mkeka, naye akitazama. Halafu anafumba macho na kutaja ni kipi. Akikosea, anatazama tena, tunampitishia kwenye mguu mzima ili alinganishe, tunarudia. Baadaye nashika kidole gumba ubavuni, nakiinua au kukishusha, aseme kimeelekea wapi. Zoezi hili humchosha kuliko yote, nami nalithamini zaidi, kwani asiyejua mguu wake ulipo huanguka, hasa usiku akienda msalani. Sasa anatofautisha mkeka na zulia. Baridi ya maji bado haijui.

Kwa hivyo maji ya kutawadha tunayapima kwa mkono wake mzima. Nje hatoki bila viatu, jiko la makaa linakaa mbali, na kila jioni nakagua unyayo na katikati ya vidole. Mwenye kisukari ndiye wa kukaguliwa zaidi. Wapo wanaoshauri achomwe kwa chuma cha moto ili mguu "uamke". Nimekataa! Hilo humwachia kidonda asichokisikia.

Mabadiliko makubwa huonekana miezi ya mwanzo, kisha mwendo hupungua, na wengine hisi hazirudi zote. Tunaendelea vivyo hivyo. Lakini ganzi mpya ya ghafla, mdomo kwenda upande au maneno kukwama si ya kungojea mazoezi: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.