Je, wajua? Mfuko wa stoma wa kubandika na kutupa ulianzia kwa muuguzi aliyemhurumia ndugu yake

Mwaka 1954 nchini Denmark, mwanamke aitwaye Thora alitoka hospitalini akiwa na tundu tumboni la kupitishia haja kubwa. Akajifungia ndani kwa kuogopa kuvuja na kunuka mbele za watu. Wakati ule wenye hali hiyo walijifunga vitambaa au mikanda yenye vyombo vya chuma na mpira. Ndugu yake, Elise Sørensen, alikuwa muuguzi. Akabuni mfuko mwepesi wa plastiki wenye gundi, unaobandikwa tumboni na kutupwa baada ya kutumika. Aage Louis-Hansen, mwenye kiwanda cha plastiki, alikataa kuutengeneza, mpaka mkewe Johanne, naye muuguzi, alipomshawishi.

Tundu kama la Thora huitwa stoma. Daktari wa upasuaji huvuta ncha ya utumbo hadi nje ya ngozi na kuishona hapo. Huwa nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo, na ukiigusa haiumi, kwani utumbo hauna neva za maumivu za aina iliyo kwenye ngozi. Lakini pia haina msuli wa kubana, ndiyo maana mtu hawezi kuizuia, na ndiyo maana mfuko unahitajika. Stoma ya utumbo mpana, kolostomia, mara nyingi huwa kushoto na kinyesi chake hushikamana. Ya utumbo mwembamba, ileostomia, huwa kulia, na kinyesi chake ni cha majimaji chenye vimeng'enya vinavyobabua ngozi. Kwa hiyo kitu cha maana kuliko mfuko wenyewe ni bamba la kunata linaloizunguka stoma. Tundu la bamba likikatwa pana kupita kiasi, ngozi huchubuka; likibana, stoma hujeruhiwa. Mifuko mingi ya leo ina chujio la mkaa linalotoa hewa na kuzuia harufu. Humwagwa inapojaa theluthi hadi nusu, kabla uzito haujabandua bamba.

Jimbo la Ohio, Marekani, nalo lina sehemu yake katika historia hii. Huko Cleveland, daktari Rupert Turnbull alimwajiri mgonjwa wake mwenye stoma, Norma Gill, mwaka 1958, awafundishe wengine. Hivyo ndivyo kazi ya wauguzi wa stoma ilivyoanza: kwa mtu aliyevaa mfuko mwenyewe. Naona hilo ni jambo la haki, maana hakuna kitabu kingejua aliyoyajua yeye.

Baadhi ya wanaowekewa stoma ni wagonjwa wa saratani. Katika jimbo hilohilo la Ohio, watafiti wa Columbus waliwapima vinasaba wagonjwa 450 wa saratani ya utumbo mpana walioupata ugonjwa kabla ya miaka 50. Kati yao 72 walikuwa na hitilafu ya kurithi. Mgonjwa akificha ugonjwa wake, basi, huenda anawanyima ndugu zake nafasi ya kupimwa mapema. Nasi watu wa Afrika Mashariki tunaficha sana. Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alijitokeza hadharani mwaka 2019 akasema anaugua saratani hii. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 41. Kusema kwake kulikuwa ushujaa.

Miji ya Marekani ya Columbus, Louisville na Buffalo ina familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na wataalamu hawako mbali. Buffalo kuna Roswell Park, kituo cha saratani kilichoanzishwa mwaka 1898. Ila daktari bingwa huenda asikueleze mambo ya jikoni kwako. Mwenye ileostomia ajihadhari na mahindi ya kuchoma, karanga, nazi na uyoga: visipotafunwa sana vinaweza kuziba utumbo. Hupoteza maji na chumvi haraka, hivyo kabla ya kufunga Ramadhani azungumze na daktari. Kuhusu sala, mafakihi humhesabu kuwa mwenye udhuru: atawadhe wakati wa sala unapoingia, kisha asali, hata kama kitu kinaendelea kutoka.

Wapo wanaokimbia hospitali kwa hofu ya mfuko. Wagonjwa wengi wa saratani ya utumbo mpana hawahitaji stoma kabisa, na wengine huwekewa ya muda tu, ikafungwa baada ya miezi kadhaa. Inayobaki maisha yote huwa zaidi kwa wenye uvimbe chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa.

Marekani hushauri watu waanze kupimwa saratani hii wakiwa na miaka 45, na mapema zaidi kama kuna mgonjwa katika ukoo. Ukiona damu kwenye choo usingoje umri huo. Na kama nyumbani kwako imebaki mifuko mipya isiyohitajika tena, usiitupe: Louisville kuna shirika la Friends of Ostomates Worldwide-USA, linaloikusanya na kuwapelekea wenye stoma katika nchi ambako haipatikani.