KAMIO NA REMORIKI: PERMI YAKO INAFIKA WAPI?



Siku moja walileta kwenye dispansere kijana mwenye mguu wa kuume uliovunjika pahali pawili. Kijana yule alikuwa ameendesha jipu miaka mitatu bila hatari. Siku ile shofere wa kamio alikuwa na homa, na kijana akasema: «Mimi pia niko na permi, leteni funguo.» Nyuma ya kamio kulikuwa remoriki iliyojaa mbao. Walipofika kwenye mteremko, alikanyaga breki kwa nguvu, kama alivyozoea kwenye jipu. Kamio ilipunguza mwendo, lakini remoriki haikupunguza. Ilisukuma kamio kutoka nyuma, ikaizungusha, na vyote viwili vikaanguka kwenye mfereji. Kijana alipona, lakini mpaka leo anachechemea.

Nilimuomba anionyeshe permi yake. Ilikuwa permi ya kweli, si ya kununua njiani. Lakini herufi iliyoandikwa ilikuwa B.

Watu wengi wanazani kama permi ni moja tu, na mwenye kuipata anaweza kushika volani yoyote. Sivyo. Kanuni ya barabara ya inchi yetu ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Inagawanya magari kwa herufi, kwa njia ya Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968, ambayo inchi nyingi za dunia zinafuata. Ni hivi:

A ni ya pikipiki.

B ni ya motokari na kamioneti ambazo uzito wao hauzidi kilo 3 500, na viti havizidi 8 bila kuhesabu kiti cha shofere.

C ni ya kamio za mizigo zinazozidi kilo 3 500.

D ni ya bisi, ni kusema gari la kubeba watu lenye viti vinavyozidi 8 bila kile cha shofere.

E ni ya remoriki. Mwenye C anaweza kukokota remoriki ndogo isiyozidi kilo 750. Ikizidi hapo, ao ikiwa ni semi-remoriki, lazima awe na E pia. E haisimami peke yake: inakaa juu ya herufi ya gari linalokokota.

Angalisho: uzito unaohesabiwa si ule wa leo. Ni uzito wa gari pamoja na mzigo wote unaoruhusiwa, kama ulivyoandikwa kwenye karti ya gari. Kwa hiyo shofere asiseme: «Leo kamio ni tupu, B inatosha.» Kamio tupu bado ni kamio.

Kwa nini sheria inakaza hivi? Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu metre 17 kwa kila sekonde. Mbele mguu wako uguse breki, metre hizo zimekwisha kupita. Tena, ukiongeza mwendo mara mbili, njia ya kusimama baada ya kukanyaga breki inakuwa ndefu mara ine. Kwenye mteremko mrefu breki zinazotumiwa bila kupumzika zinapata moto na kulegea. Shofere wa C anafundishwa kuingiza vitesi ndogo mapema, ili moteri yenyewe ishike gari. Anafundishwa pia kuangalia mshale wa hewa ya breki mbele ya kuondoka. Shofere wa E anajifunza kufunga remoriki, kuunga mipira ya hewa, na kurudi nyuma huku akizungusha volani upande mwingine. Mambo hayo hayajifunzwi kwenye jipu. Na barabara yetu ya udongo, kutoka Bunia kupita Iga-Barrière mpaka Mongbwalu, wakati wa mvua haihurumii mtu anayejifunzia njiani.

Sasa neno la dispansere. Permi kamili haitoshi kama mwili hauko tayari. Shofere wa kamio apimishe macho, masikio na damu yenye kupanda. Mwenye kifafa asifiche: aje tuzungumze naye kwa siri. Ukiwa kwenye matunzo ya malaria na kinini, masikio yanaweza kulia na kichwa kuzunguka, usiendeshe. Dawa zingine za mafua na za kujikuna zinaleta usingizi. Uliza mbele ya kumeza. Pombe, hata ya jana usiku, inaweza kuwa ingali ndani ya damu asubuhi. Na usingizi haushindwi na kahawa: simamisha gari pahali pazuri, ulale kidogo.

Mama wa kambi, nanyi muko na kazi. Mwacheni baba alale usiku wa mbele ya safari. Msikubali mtoto acheze kati ya kamio na remoriki, hata gari likiwa limesimama. Tena msipande juu ya mzigo mkienda soko. Pale hakuna cha kushika.

Wakubwa wa garaji, angalieni herufi ya permi mbele ya kutoa funguo. Hatari ikitokea, shofere asiye na herufi ya gari lile anaweza kujibu mbele ya tribinali, na asiransi inaweza kukataa kulipa.

Na wewe kijana unayetaka kusaidia, sikia hili. Kusema «Chefu, permi yangu haifiki pale» si haya wala si uvivu. Yule mgonjwa wangu aliniambia kama aliogopa watu watamcheka. Wangemcheka siku moja tu. Mguu wake anauvuta kila siku.

Toa permi yako mfukoni leo, usome herufi yake. Kama unataka kuendesha kamio, omba kujifunza na kupita mtihani wa C, halafu wa E. Kazi njema, na safari njema.