Hesabu Kete, Osha Kete



Katika vijiji vyetu vingi, jioni watu hukaa chini ya mwembe wakacheza bao. Bao ni mchezo mzuri. Hupumzisha mwili baada ya kazi ya shamba, na huamsha akili. Leo sikukatazi kucheza. Nataka tuzungumze juu ya kete.

Jioni moja mama mmoja alikuja mbio kwenye zahanati yetu. Alimbeba mtoto wake wa miaka miwili. Mtoto alikuwa anakohoa na mate yanamtoka. Mama alitaka kumtia kidole kooni. Nikamwambia, "Hapana mama, mwache akohoe." Mara kikohozi kikakatika. Mtoto akashindwa hata kulia. Nilimwinamisha, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne, kitu kikaruka sakafuni. Ilikuwa kete ya bao. Mtoto akalia. Mama naye akalia.

Kesho yake nilikwenda barazani wanapocheza. Tukahesabu kete pamoja. Zilikuwa 63. Mzee mmoja akaniambia, "Daktari, mwanangu, sisi tunahesabu kete tulizokula. Hatuhesabu zinazorudi mfukoni."

HESABU KETE

Bao lina mashimo 32. Lina mistari 4, na kila mstari una mashimo 8. Kete zake ni 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni hupanga 10, na 22 hubaki za kunamua. Hizi 22 mara nyingi watu huziweka mapajani au chini. Hapo ndipo zinapopotea.

Mchezo ukiisha, hesabuni. Zikiwa 63, msiondoke. Itafuteni mpaka ionekane. Mtoto anayetambaa ataiona kabla yenu, naye kila akiokotacho hukitia mdomoni.

MTOTO AKIPALIWA

Akiweza kukohoa, mwache akohoe. Usimtie kidole kooni, kwa sababu utaisukuma kete ndani zaidi. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, fanya hivi upesi:

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini. Mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kete isipotoka, mgeuze chali. Mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja: mwinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kete isipotoka, mshike kutoka nyuma. Weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5.

Rudia mpaka itoke. Mtu mwingine aite msaada. Hata kete ikitoka, mpeleke mtoto zahanati akapimwe.

Kete ikiingia puani au sikioni, usiichokoe kwa kijiti. Nenda zahanati.

CHAGUA KETE NZURI

Kete nzuri ni komwe. Ni mbegu ngumu na laini, nayo huosheka vizuri. Wengine hutumia mbegu yoyote waipatayo. Jihadhari. Usitumie mbegu za mbarika, wala zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Zina sumu. Mtoto akizitafuna anaweza kufa.

OSHA KETE

Kete moja hupita katika mikono mingi. Huyu ametoka chooni hakunawa. Yule ametoka kumfuta mtoto anayehara. Wote wanashika kete zilezile. Halafu inaletwa sahani ya karanga, na kila mmoja anachukua kwa mkono uleule. Hivyo vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo husafiri kutoka mkono hadi mkono, na kutoka mkono hadi mdomo. Kete haina kosa. Kosa ni uchafu.

Osheni kete mara moja kila wiki, hivi:

1. Zihesabu. Ziwe 64.
2. Zitie katika beseni lenye maji safi na sabuni. Zisugue kwa mikono.
3. Zisuuze kwa maji safi. Maji machafu yamwagwe mbali na kisima.
4. Usiziloweke usiku kucha. Komwe yenye ufa huingiwa na maji, ikavimba na kuoza. Yenye ufa iondoe, uweke nyingine.
5. Zianike juu ya kitambaa safi mpaka zikauke kabisa.
6. Zihesabu tena. Zitie katika mfuko wa nguo, ufunge, uutundike juu mtoto asipofika.

Bao lenyewe ni la mti. Usilitumbukize majini wala usiliache juani, litapasuka. Toa vumbi katika mashimo, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kivulini. Liweke juu ya kitu, mchwa wasilifikie.

Lakini kuosha kete hakutoshi kama mikono ni michafu. Tundikeni kibuyu chirizi karibu na baraza la bao, pamoja na sabuni. Kama sabuni hakuna, tumieni majivu. Kila mchezaji anawe kabla ya kushika kete, na anawe tena kabla ya kula.

Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Ndugu zangu, wacheza bao nao ni kikundi. Wale wazee wa barazani kwetu sasa wana desturi mpya. Aliyefungwa ndiye anayehesabu kete, na wote hungoja mpaka atamke, "Sitini na nne." Ndipo huagana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kete za kijijini kwenu ni ngapi? Zimehesabiwa lini?
2. Kwa nini si vizuri kumtia kidole kooni mtoto aliyepaliwa?
3. Nani ataweka kibuyu chirizi karibu na baraza lenu la bao?